Kundi la Watu Wazima

Kabla ya kuuliza jina, kabla hata ya kuuliza umesoma wapi, fomu iliuliza unaomba kwa kundi lipi. Chini ya swali kulikuwa na viduara vitatu vitupu: Kidato cha Sita, Stashahada, Watu Wazima. Usipojaza kimoja, ukurasa haufunguki. Nilivitazama kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya milango mitatu akasikia mbwa nyuma ya kila mmoja.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye steshenari moja nyuma ya stendi ya Handeni. Maombi ya chuo yangefungwa Ijumaa saa kumi jioni. Mbele ya kompyuta sikukaa mimi. Huku kwetu wengi hatujazi fomu zetu wenyewe. Tunakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mwenye steshenari, tunamtajia, yeye anachapa. Barua pepe zetu alizifungua yeye, paswedi zetu ziko kwenye kaunta buku lake, vyeti vyetu amevipiga skani na kuvihifadhi kwenye mashine yake kwa sababu anajua mwaka ujao tutarudi. Mimi nilikuwa nimerudi mara tatu. Alikuwa baba wa watoto wanne, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi kisogoni, na hakuwahi kunicheka.

"Kidato cha Sita kama kawaida?" aliuliza, kidole tayari kwenye mausi.

"Hapana, kaka. Mwaka huu Watu Wazima."

Akavua miwani. "Mtu mzima wewe? Watu Wazima ni miaka ishirini na mitano kwenda mbele. Cheti chako ninacho hapa. Una ishirini na nne."

Nilikuwa na ishirini na sita.

Nieleze kwanza kwa nini milango mingine ilikuwa imefungwa. Kidato cha sita nilipata prinsipo moja tu, yaani ufaulu kamili wa somo moja, Kiswahili, na shahada ya sheria inataka mbili. Miaka mitatu mfululizo niliomba hivyohivyo, nikijidanganya kwamba huenda mwaka huu waombaji ni wachache, huenda kuna mtu ofisini atasoma maelezo yangu binafsi na kufumba jicho. Kila mwaka jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, mistari miwili. Stashahada sikuwa nayo. Ulibaki mlango wa tatu, mtihani wa watu wazima, ambao haukuuliza prinsipo. Uliuliza umri, cheti cha kidato cha nne, na kama unajua kusoma jambo na kulijibu. Nilijua kwamba mtihani huo ningeufaulu. Lakini chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kwa sheria mwaka huo ndio wa mwisho kupokea kundi hilo. Ningesubiri karatasi zangu zifike ishirini na mitano, zingefika na kukuta mlango umejengewa tofali.

Na nilikuwa naitaka sheria vibaya. Nilikuwa najitolea kwenye ofisi ya kata. Kazi niliyopewa ilikuwa kuwaelekeza watu dirisha gani waende, lakini haikuchukua muda ikawa kuwaandikia. Mama ambaye jirani amesogeza mpaka kila msimu wa kulima, mpaka shamba limekuwa kama ukanda wa suruali. Mzee ambaye mihogo yake imelala chini baada ya ng'ombe kupita. Walikaa mbele yangu wakasema, mimi nikaandika. Wakati huo nilikuwa tayari natunga hadithi, nazisoma kwa wenzangu kwenye vikao vya waandishi vijana Tanga mjini, wenzangu wanafumba macho na kusema wameguswa. Sikuwahi kusikia kwamba hadithi yangu imemrudishia mtu hatua tatu za shamba lake. Barua zangu ziliwahi kurudisha. Siku moja nilimsindikiza mama mmoja kwenye baraza la ardhi la kata. Aliposhindwa kusema nikasimama nimsaidie, na mjumbe mmoja akanitazama juu ya karatasi zake akauliza, bila ubaya wowote, "Wewe binti unasema kama nani?" Nilikaa. Yule mama akashindwa kesi mbele ya macho yangu, na barua yangu nzuri iko mezani. Tangu siku ile hakuna usingizi niliolala vizuri.

"Kwani umri wako wa kweli ni upi?" aliuliza kaka wa steshenari.

Nikamwambia. Hakushangaa. Nadhani katika kaunta buku lile tulikuwa wengi.

"Basi si jambo," alisema. "Mama yako aende kwa wakili, aape kwamba mwaka uliandikwa vibaya kwenye cheti. Hati ya kiapo. Unaniletea, naipandisha pamoja na cheti, imeisha. Watu wanafanya kila siku. Mama yupo?"

Mama yupo, nilijibu. Shida ni kwamba niliyekuwa naye si yule aliyeandikwa kwenye cheti.

*

Darasa la saba nilimaliza Makuyuni, upande wa Korogwe, nikafeli. Shule ya serikali hairudii mtihani. Lakini kulikuwa na njia ambayo kila mzazi aliijua na hakuna aliyeitamka kwa sauti: mtoto anahamishiwa shule ya mbali, anarudi darasa la sita, anakalia dawati la mtoto aliyeacha shule, na jina la yule mtoto analivaa kama sare. Mwalimu akiita, unajibu nipo. Wiki mbili za mwanzo unachelewa kuitika. Baadaye hata ndotoni unaitika.

Mwaka ule bibi yetu alipooza upande mmoja. Nami nilikuwa nimelia kwa matokeo mpaka macho yakawa mistari. Mama yangu na mdogo wake, mama yangu mdogo wa Mkata, wakakaa jikoni na shida mbili mbele yao. Mama mdogo alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, mdogo wangu, aliyekuwa anaingia darasa la sita, na walimu wake walikuwa wamesema ni mzito. Jioni ile uamuzi ukatoka jikoni pamoja na chakula. Mdogo wangu angekuja Makuyuni kumuuguza bibi. Mimi ningekwenda Mkata kwa mama mdogo na kukalia dawati lake.

Nataka nisieleweke vibaya: hakuna aliyeona ni uongo. Kwetu mama mdogo ni mama. Mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, wala huna neno jingine la kumwitia. Wanawake wale wawili walikuwa na mabinti wawili, na kwa macho yao walichofanya ni kuwabadilisha vyumba vya kulala. Mdogo wangu aliulizwa? Hakuulizwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa mkubwa wa kutosha kumuuliza, na nilifungasha nguo zangu haraka kabla hawajabadili mawazo.

Nilifaulu kwa jina lake. Nikasoma sekondari kwa jina lake. Nilipokuwa kidato cha nne shule ikadai vyeti vya kuzaliwa, mama mdogo akaniombea kwa jina la bintiye, mwaka wake, baba yake, na yeye mwenyewe mama mdogo akiwa ndiye mzazi. Kitambulisho kikafuata cheti. Jina nililopewa siku ya saba ya uhai wangu limebaki kwenye midomo ya watu kama kumi, na kila mwaka mmoja wao anakufa.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado nje ya steshenari.

"Mimi siwezi kukuapia," alisema, na niliisikia redio ya jirani nyuma yake, na kuku. "Ningekuapia, mwanangu, lakini mimi si mtu kwenye karatasi zako. Nenda kwa mama yako wa Mkata. Yeye ndiye aliyekuzaa."

Hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha kushukia.

*

Jumatano nikashuka Mkata. Mama mdogo alikuwa shambani na nilimkuta mdogo wangu barabarani, kwenye kibanda chake, anakaanga mihogo kwa ajili ya abiria wa mabasi. Bibi alipofariki alikuwa amerudi kwao na mtoto mgongoni. Mtoto sasa alikuwa anasoma chekechea. Mdogo wangu aliponiona alifuta mikono kwenye khanga akafungua mikono yote miwili.

"Karibu, mimi!" akapiga kelele, wanawake wa vibanda vya jirani wakacheka, maana utani huo waliujua. "Jamani nioneni nilivyopendeza. Nimesoma, nimevaa viatu. Shikamoo mimi!"

"Marahaba," nikasema, kwa kuwa ndivyo utani ulivyotaka, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake.

Alinipa mhogo na chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Basi likasimama, akaondoka na sinia kichwani, akakimbia ubavuni mwa madirisha, akarudi na sinia nusu. Alikuwa mwepesi mno. Nilijiuliza ni mwalimu gani aliyeona uzito pale.

"Nilikuwa nakutafuta," alisema akikaa. "Wewe umekuja mwenyewe, basi Mungu mkubwa. Cheti changu unacho?"

Nikajifanya sijaelewa. "Cheti kipi?"

"Cha kuzaliwa. Usinifanye mtoto, dada. Mwezi wa tatu nilikwenda Handeni kuomba. Yule mama wa dirishani akaangalia, akaniambia nimeshachukua. Nikamwambia sijachukua. Akasema, umechukua zamani, na umesaini vizuri sana. Nikatoka nje nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa."

"Cha nini sasa hivi?"

Akanieleza huku anageuza mihogo, haraka, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo mara nyingi bila msikilizaji. Kulikuwa na chuo cha ufundi Korogwe kilichotangaza nafasi za bure kwa vijana walioacha shule. Umeme wa majumbani, mwaka mzima. Wanataka ujue kusoma na kuandika, uwe na cheti cha kuzaliwa, na uwe hujapita miaka ishirini na minne. Fomu wanapokea mpaka wiki ijayo.

"Unaona hizi?" alinyoosha mwiko kuelekea upande wa pili wa barabara, kwenye nguzo mpya. "Kila nyumba inavuta umeme na mafundi wanatoka mbali. Nimekaa hapa nawatazama. Nimekariri wanavyofanya. Juzi mmoja aliunganisha vibaya nikamwambia, akaniambia kaanga mihogo yako. Nilikuwa sahihi! Jioni kukawa na moshi." Akacheka. "Nina ishirini na nne, dada. Nimewahi mlango haujafungwa."

Niliurudisha mhogo kwenye gazeti. Alikuwa na ishirini na nne na chuo chake kilitaka asizidi. Mimi nilikuwa na ishirini na sita na chuo changu kilitaka nisipungue ishirini na mitano. Tulikuwa watu wawili, na jina moja, na cheti kimoja, na mwaka mmoja ulioandikwa juu yake kwa taipu. Kama mama mdogo angeapa kwamba mwaka ule ni makosa, ningekuwa mtu mzima, na mdogo wangu angezeeka miaka miwili akiwa amekaa pale pale mbele ya karai.

Nilimwambia. Sikupata njia ya kulipamba. Nilisema yote kwa sentensi tatu nne, nikiwa nimetazama mafuta yanavyochemka.

Hakukasirika. Ningetamani angekasirika.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita."

"Na mwanangu nilimzaa nikiwa na mingapi?" Akahesabu kwa vidole, taratibu, akiigiza ule uzito wa darasani. "Afadhali. Hapo nitakuwa nimemzaa nikiwa mkubwa mkubwa, watu wasinisimange."

"Usifanye hivyo."

"Nifanyeje? Wewe ndiye msomi." Basi jingine likapiga honi. Akanyanyuka na sinia, akasimama kidogo. "Mimi wakati ule nilikuta wamenifungia nguo kwenye mfuko wa rambo. Bibi alikuwa mzito kuliko mimi, dada. Kumgeuza nilikuwa nasimama juu ya kitanda. Kaa na mama muamue, mimi nimezoea kuambiwa."

Akaenda. Niliiona khanga yake ikikimbia kando ya basi.

Mama mdogo aliporudi kutoka shambani alinisikiliza akiwa amesimama, jembe bado begani. Nilimweleza yangu, na ya mdogo wangu pia, sikuficha. Akafikiri muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

"Umeme utamrusha," alisema. "Mwanamke na nguzo wapi na wapi. Wewe ndiye niliyekusomesha. Nilishasema kijiji kizima kwamba nina mwanasheria. Kesho tunakwenda, nitaapa."

"Mama, lakini mdogo wangu..."

"Mdogo wako ana mikono. Mihogo haiulizi cheti."

Mdogo wangu alikuwa kizingitini, mtoto wake akimvuta khanga. Alisikia. Akaingia ndani, na baadaye akatuletea maji ya kuoga, ndoo moja moja, mimi kwanza kwa kuwa mgeni.

Ningeweza kusema hapana jioni ile. Lakini nilikuwa nayaona majengo ya chuo ambayo sijawahi kuyaona, nayaona mpaka ngazi zake.

*

Hatukwenda kwa wakili wa Handeni. Handeni barua zangu zinajulikana, na sikutaka kukaa upande wa pili wa meza mbele ya mtu anayeujua mwandiko wangu. Tulipanda basi mpaka Korogwe. Mama mdogo alivaa baibui jipya na hakuongea njia nzima. Nilidhani ana hofu, kumbe alikuwa anajiandaa, maana maishani mwake alikuwa hajawahi kuulizwa jambo rasmi lolote.

Wakili alikuwa mzee mwembamba, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilipomweleza alianza kuchapa bila kuinua macho. Mimi fulani binti fulani, Muislamu, mkazi wa Mkata, ninaapa na kuthibitisha. Nilisimama nyuma yake nikiyaona maneno yanajipanga, na nikiri kwamba niliyapenda. Yalikuwa na mwendo. Yalikuwa yanatembea kama watu wenye mahali pa kwenda.

Kisha akageuka kwa mama mdogo. "Mama, kabla hujaapa lazima nikuulize kwa mdomo wako. Huyu binti ulimzaa mwaka gani?"

Tulikuwa tumefanya mazoezi ya mwaka ule asubuhi kabla ya kupanda basi, mara mbili.

"Mwaka siujui kwa namba," mama mdogo alisema. "Lakini nakumbuka."

"Eleza tu."

Akaeleza. Ulikuwa mwaka wa njaa, alisema, mvua za vuli hazikunyesha kabisa, watu walikuwa wanachemsha mizizi. Alikuwa anarudi kisimani na ndoo ya kwanza baada ya siku mbili za foleni, uchungu ukamshika njiani, na alichowaza si mtoto, ni maji. Akaishusha ndoo kwa utaratibu, akaifunika kwa khanga, ndipo akalala chini. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakamzalisha papo hapo kando ya njia. Mtoto akatoka kimya. Wakampiga mgongoni, kimya. Basi mmoja akachota maji kwenye ile ndoo, maji ya siku mbili, akamwagia mtoto usoni, na mtoto akapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Nikamwambia yule mwanamke, umemaliza maji yangu," mama mdogo alisema, anacheka, machozi yanamtoka. "Akanijibu, si umepata hili toto? Tukacheka, mheshimiwa, na damu imejaa miguuni. Mpaka leo mtoto yule ukimmwagia maji baridi analalamika." Na mkono wake, katika kueleza, ulikuwa unanyooka kuelekea dirishani, kuelekea Mkata, wala haukunigusa mimi niliyekuwa nimesimama sentimita chache pembeni yake.

Wakili alikuwa ameacha kuchapa. Alimtazama, akanitazama mimi. "Na ndiye huyu?"

Mama mdogo akageuka akaniona, kama mtu anayekumbuka alichofuata sokoni. "Ndiye," alisema. "Ni mwanangu." Na hapo hakudanganya. Mimi nilizaliwa Makuyuni, kwenye zahanati, mwaka wa mvua nyingi. Mama aliwahi kuniambia barabara ilikatika. Sikuwahi kumwagiwa maji ya mtu. Nilikuwa nimechukua darasa la mdogo wangu, na vyeti, na miaka kumi na miwili ya kuitwa, nikaweza kuishi nayo. Lakini siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa imeshikwa mbele yangu ikiwa bado na matope, na kalamu ilikuwa tayari ina miaka miwili ya kuisogeza nyuma.

"Mama, twende," nikasema.

"Bado sijaweka dole gumba."

"Twende, mama."

Wakili alichomoa karatasi kwenye mashine, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo. Nadhani na yeye alikuwa na wengi.

Kwenye stendi ya Korogwe nilitoa cheti kwenye bahasha yangu nikampa mama mdogo. Nikamwambia ampe mwenyewe. Aligoma kukipokea. Alisema nimemuaibisha, nimemsafirisha bure, kijijini watamuuliza yuko wapi mwanasheria, naye atasema nini? Abiria walikuwa wanatutazama. Nilikisukuma kwenye mkoba wake na kuvuta zipu kwa hasira, si kwa wema. Nataka hilo liandikwe. Sikujisikia mtu mwema hata dakika moja. Nilijisikia kama mtu aliyejikata kidole kisha akaanza kukitafuta.

*

Ijumaa saa tisa nilikuwa kwenye kiti cha plastiki. Foleni ya wahitimu wa kidato cha sita ilifika mpaka barabarani, watoto wa miaka kumi na tisa wenye bahasha safi.

"Kiapo?" kaka wa steshenari aliuliza.

"Hakuna."

"Cheti?"

"Nimekirudisha kwa mwenyewe."

Aliivuta miwani chini akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Akainama karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Skani yako ninayo hapa tangu mwaka juzi. Huu mwaka wa kuzaliwa naubadilisha sasa hivi, dakika mbili, hakuna atakayejua. Cheti chenyewe kinabaki kwa huyo mwenyewe, kisafi, hakijaguswa. Wewe Watu Wazima, yeye na mambo yake. Kila mtu anapata."

Na kweli kila mtu angepata. Niliitafuta hasara nikaikosa. Alikuwa ameshaifungua ile picha, namba za mwaka zimekuzwa zimejaa kioo kizima, tarakimu ya mwisho inasubiri kama jino linalocheza. Mdogo wangu asingejua kamwe. Mtihani ningefaulu. Ningesimama siku moja kwenye baraza, na mjumbe akiniuliza nasema kama nani, ningekuwa na jibu.

Ningejibu kwa jina lake.

"Oya, sista, muda!" mmoja wa wale watoto akaita mlangoni. "Saa kumi hiyo inakuja!"

"Mwache dada yenu," kaka akamjibu bila kugeuka. "Naam? Nibadilishe?"

Nilijaribu kufikiria sheria, haki, yale maneno makubwa ambayo ningeyasomea, hayakuja. Kilichokuja ni sauti ya mama mdogo akisema umemaliza maji yangu.

"Weka Kidato cha Sita," nikasema.

"Watakukataa. Unajua watakukataa. Prinsipo moja."

"Miaka yote nimeomba hivyo."

"Na miaka yote wamekukataa!"

"Kaka, weka."

Akaweka. Kiduara cha kwanza kikajaa weusi. Akaingiza namba ya mtihani, matokeo yakajivuta yenyewe, lile somo moja na yale mengine. Akachagua Shahada ya Sheria. Akabonyeza. Miaka ya nyuma palikuwa na wiki nzima nzima za kungoja baada ya hapo, na katika wiki zile nilikuwa naishi. Nilikuwa nanunua daftari jipya, nafua sketi nyeusi. Nadhani wiki hizo ndizo nilizokuja kuzifuata. Lakini mwaka huo walikuwa wamebadilisha mfumo wao. Gurudumu dogo lilizunguka mara mbili tatu, kisha maandishi mekundu yakatokea hapo hapo: idadi ya masomo uliyofaulu haikidhi programu uliyochagua, tafadhali rudi uchague kundi jingine. Na vikarudi vile viduara vitatu, vitupu.

Kaka wa steshenari alikaa mikono mapajani. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika hamsini.

"Bado dakika kumi," alisema kwa upole. "Picha bado iko wazi."

Nilivitazama viduara. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka feni, na harufu ya karatasi ya moto kutoka kwenye mashine ya kutolea kopi, na yule mtoto wa mlangoni akisogea hatua moja, kisha nyingine, bahasha kifuani, mpaka kivuli chake kikafika mezani. Alikuwa anaomba sheria na yeye. Niliyaona maandishi juu ya bahasha yake.

"Dada, shikamoo," alisema, safari hii kwa adabu. "Kama umemaliza, naomba."

Nikasimama, nikampisha.